Karatasi ya Pande Mbili

Tulipoanua matanga, shangazi alinituma nikaanike godoro la bibi,
na chini yake nikaikuta:
karatasi ya kaki, ya mfuko wa unga wa ngano wa kambini,
imekunjwa mara nane, mikunjo imeanza kutoboka.

Upande mmoja, kijiji.
Kimechorwa kwa penseli ya zambarau,
ile inayolambwa kwanza ndipo iandike.
Mto, na miti iliyouinamia.
Nyumba thelathini na moja; nimezihesabu mara mbili.
Kila paa lina jina kwa herufi nisizozijua,
na chini ya jina, mwandiko wa bibi
aliyeishia darasa la pili la misheni:
Mhunzi.
Mjane.
Mwenye nyuki.
Hawa hawasalimiani na wale, ni ugomvi wa bata.
Kanisa la mbao, halina hata msumari.
Hapa korongo hujenga juu ya paa, na hafukuzwi.

Alikuja Tengeru kwa treni, kwa meli, kwa lori,
Paraska, na watoto wawili wasiotimiza miaka kumi.
Mmoja tulimzika sisi.
Kambini wote waliitwa Wapolandi, ikatosha.
Lakini jikoni, wakimenya viazi, alimwambia bibi,
kwa Kiswahili cha maneno mia na mikono,
“Mimi, Verbivka,”
akagonga kifua kwa mpini wa kisu
kana kwamba Verbivka ni taifa lenye bendera.
Bibi alielewa upesi. Yeye pia, ukimuuliza kwao,
alianza na mfereji uliomnywesha,
Tanganyika ilifuata baadaye, kama ikikumbukwa.

Desemba korongo walishuka kwenye mashamba ya mahindi.
Paraska aliacha sufuria ichemke mpaka iungue,
akatoka kuwauliza habari za nyumbani.
Mpishi mkuu alimkata mshahara wa siku mbili.

Geuza.

Huku ni mkaa.
Mwaka wa hamsini na moja, Novemba.
Engare Nanyuki ilipochomwa na ng'ombe wakaswagwa,
bibi alitembea na mtungi mmoja na mimba ya baba yangu
hadi jikoni pale pale, akakaa juu ya gunia, kimya.
Paraska hakumpa pole.
Alifungua sanduku, akatoa karatasi hii, akaigeuza,
akamtia mkononi kipande cha mkaa kutoka jikoni.
“Anza na jirani,” alisema.
“Ukianza na nyumba yako utalia, mstari utapinda.”

Basi kuna kwa Ndewario, mwenye fahali asiye na pembe.
Kuna kwa Anaeli, aliyekopa jembe na bado hajarudisha.
Kuna zizi, kuna njia ya mbuzi, kuna korongo lenye mchanga,
korongo hili la ardhini, lisiloruka kwenda popote.
Nyumba ya bibi sikuiona.
Pana doa tu, upana wa kidole gumba,
pale mkaa uliposuguliwa mpaka nyuzi za karatasi zikasimama.

Paraska alipopandishwa lori tena, safari hii kwenda Kanada,
nchi ambayo bibi aliitamka kama jina la dawa,
aliacha vitu viwili: karatasi,
na kaburi dogo la kupalilia.
Nikiwa mtoto nilidhani ni la ndugu yetu.
Nililing'olea magugu kila Jumamosi, nikinung'unika.

Sasa Elinami anataka tuitie plastiki,
tuitundike sebuleni, wageni waone.
Nimemuuliza: upande upi utazame ukuta?
Amekuna kichwa, ameenda kuwafungulia ng'ombe.

Jua la saa tisa limelipiga godoro, limekauka.
Nimelibeba kichwani hadi chumbani kwangu.
Mara nane nimekunja, kwa mikunjo ile ile.
Usiku nikigeuka,
nasikia karatasi ikilia kidogo chini ya mbavu,
na sijui ni upande gani.